Msaada: nataka kuongeza diski ya pili kwenye kompyuta ya mezani, naanzia wapi?

pazia_jekundu
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nina kompyuta ya mezani hapa home, diski yake ni SSD (ile isiyozunguka) ya GB 256, ile ya kijiti ya M.2 inayolala juu ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), imejaa mpaka Windows inalalamika kila nikiwasha. Sasa nimenunua hadi diski (hard disk, ile inayozunguka) ya TB 4, ile kubwa ya inchi 3.5 inayoungwa kwa waya wa SATA. Nimefungua ubavu wa keisi naona nafasi ya kuiweka ipo ila sijui waya gani unaenda wapi, na kwenye boksi imekuja yenyewe tu hamna hata waya mmoja. Ninachoogopa zaidi, nikiiweka hii mpya itafuta Windows? Itabidi nianze upya kila kitu? Na pawasaplai (kile kiboksi cha umeme) itabeba diski mbili kweli? Picha za wanangu tangu wamezaliwa zipo humo humo, sitaki kubahatisha.

fundi_bisibisi
Mkuu ondoa hofu, diski ya pili haigusi ya kwanza, Windows inabaki ilipo na picha zinabaki zilipo. Umeme nao usikuumize kichwa, diski kama hiyo ikiwa kazini inakula wati chache tu, inavuta zaidi zile sekunde za kuanza kuzunguka basi, pawasaplai yoyote iliyo nzima inabeba.

Unahitaji nyaya mbili. Wa data ni mwembamba, una pini 7, unatoka kwenye diski unaenda kwenye mazabodi pale palipoandikwa SATA, huu ndo itabidi ununue. Wa umeme ni mpana, pini 15, unatoka kwenye pawasaplai na mara nyingi upo tayari, wameuviringisha wakaufunga huko nyuma ya sehemu za diski, hebu vuta lile fungu la nyaya uangalie. Vichwa vyote viwili ndani vina umbo la herufi L kwahiyo vinaingia upande mmoja tu, ukiona kinagoma usilazimishe, geuza, maana kile kiulimi cha plastiki kwenye diski kikivunjika kukirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Kabla hujagusa kitu zima, chomoa waya wa ukutani, alafu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, na ushike chuma cha keisi kwanza. Diski ifunge skrubu zake zote nne, usiiache inaning'inia, ile kitu inazunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika haitaki kuyumba.

nyaya_tupu
Naongezea kwenye umeme maana watu wengi wanaumia hapo. Kama pawasaplai yako ni ya nyaya za kuchomoa tumia zilizokuja nayo TU. Usiazime waya wa pawasaplai nyingine hata kama unaingia vizuri, upande wa diski zote zinafanana ila upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga pini inavyojua yenyewe, volti 12 ikipita pa volti 5 diski inaungua hapo hapo. Nimeshaletewa moja ya hivyo, ubao wake wa chini una chipu imetoboka kabisa na harufu bado ipo, na mwenyewe ana kazi zake zote humo. Inauma sana.

pazia_jekundu
Asanteni sana wakuu. Nimeunga, nimefunga skrubu, nimewasha, Windows imewaka kama kawaida ila diski haipo. Nikiweka mkono juu yake inatetemeka kwahiyo umeme unafika. Nimeingia mpaka BIOS (ile skrini ya mipangilio kabla Windows haijawaka), hamna kitu.

fundi_bisibisi
Umeichomeka tundu namba ngapi? Nauliza kwa sababu SSD yako ni ya kijiti, na kwenye mazabodi nyingi tundu la M.2 linagawana njia na tundu moja au mawili ya SATA, kijiti kikikaa hayo yanazimwa. Kitabu cha mazabodi kinasema ni yapi. Zima, chomoa umeme, hamishia waya wa data tundu jingine.

pazia_jekundu
Umepatia mkuu!! Ilikuwa tundu la 5, nimehamishia la 1, BIOS imeiona na jina lake. Ila nikifungua This PC bado naona C tu. Au niirudishe dukani?

saa_nane_usiku
Usirudishe, hiyo ni nzima. Diski mpya ya ndani inakuja tupu kabisa, haijagawanywa wala kufomatiwa, ndo maana haina herufi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management, itauliza mpangilio wa kugawanya diski, MBR au GPT, wewe weka GPT, MBR kwa kawaida inaishia TB 2 na zilizobaki utaziangalia tu. Alafu ile sehemu yenye mstari mweusi imeandikwa Unallocated bonyeza kulia, New Simple Volume, endelea mbele, kwenye fomati weka NTFS, chagua herufi, maliza. Kabla ya kubonyeza angalia UKUBWA wa diski usiangalie namba, mpya inaweza kuwa Disk 0 na yenye Windows ikawa Disk 1. Ikishamaliza itasoma TB 3.63, ndo yenyewe, kiwandani wanahesabu kwa 1000 na Windows kwa 1024.

mwanachuo_hp
Wakuu nadandia hapa hapa. Mimi yangu sio mpya, nimeitoa kwenye kompyuta iliyokufa, ina kazi zangu zote za chuo, nikiiunga Windows inasema niifomati kwanza ndo itumike. Nibonyeze?

saa_nane_usiku
USIBONYEZE. Maelekezo ya juu ni ya diski tupu. Yako Windows imeshindwa kusoma mpangilio wa mafaili tu, mafaili yenyewe yanaweza kuwepo bado. Inalia tik tik tik? Kama inalia zima sasa hivi upeleke kwa wanaookoa data. Kama imetulia niambie, kompyuta ile ilikuwa na Windows au kitu kingine?

mwanachuo_hp
Imetulia haina kelele. Ilikuwa Ubuntu.

saa_nane_usiku
Basi huenda diski yako haina shida yoyote mdogo wangu, Ubuntu ni aina ya Linux na Windows haisomi fomati ya Linux ndo maana inakimbilia kusema ifomatiwe. Washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, chagua kujaribu bila kuinstoo, fungua diski, nakili vitu vyako pembeni.

nyaya_tupu
pazia_jekundu, kuhusu picha za watoto. Ukizihamishia kwenye diski mpya alafu ukafuta za C bado una nakala moja, umehamisha tu hujaweka akiba. Na hata zikiwa kwenye zote mbili, diski hizo zinakula pawasaplai moja, ikipiga shoti au virusi vikiingia vinakula zote. Tafuta hadi diski ya nje, nakili, chomoa, weka kabatini.

pazia_jekundu
Nimekuelewa mkuu. Diski imeshakubali, picha zinakopi sasa hivi, za C sifuti mpaka nipate hiyo ya nje. Je inafaa flashi ya GB 128 kwa kuanzia?

nyaya_tupu
Kwa kuanzia inafaa, ila usiziache picha humo miaka, flashi ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza vitu.

mwanachuo_hp
Imefunguka!! Folda zote zipo. Asante sana kaka.