Tupeane uzoefu: Bibhutibhushan Halt, stesheni yenye jina la mwandishi

Mwanzisha mada: Ndugu zangu mliosoma au kuuguza wagonjwa Kolkata, India, nani amewahi kushuka Bibhutibhushan Halt, stesheni ndogo iliyo kati ya Chandpara na Bangaon katika njia ya reli itokayo Sealdah, stesheni kubwa ya Kolkata? Leo nimekutana na jina la mwandishi huyo wa Kibengali, Bibhutibhushan Bandyopadhyay (1894–1950), ambaye kijiji cha ukoo wake, Barakpur, kiko pande hizo za Bangaon, na kumbukumbu zimenijaa.

Mchangiaji wa Morogoro: Nilimpeleka mama kutibiwa, na alipopata nafuu tukapanda treni ya jioni pale Sealdah, yeye akaingia behewa la wanawake nami la watu wote, tukakubaliana kwamba nitamfuata mlangoni tutakapofika. Pale Bibhutibhushan Halt treni ilisimama kidogo tu. Nilikimbia kando ya mabehewa nikimwita, nikamwona amebanwa katikati ya abiria, mara treni ikaondoka naye. Hakujua Kibengali, hakuwa na simu, na dawa zake za moyo nilikuwa nazo mimi. Nilipofika Bangaon kwa treni iliyofuata, nilimkuta ameketi na akina mama waliomshusha, ambao walikataa kwenda makwao mpaka waone amepata mwenyewe, ingawa usiku ulikuwa umeingia. Kila nikiswali huwaombea.

Mchangiaji wa Tanga: Pole sana, ndugu, treni za jioni za njia ile hujaa kupita kiasi.

Mchangiaji wa Dodoma: Poleni, lakini mwandishi huyo anatuhusu nini sisi?

Mchangiaji wa Voi: Anatuhusu sana! Katika riwaya yake ya Chander Pahar ya mwaka 1937, kijana Shankar anaondoka Bengal kuja kufanya kazi katika Reli ya Uganda, ile iliyoanzia Mombasa, akakabidhiwa stesheni ya upweke yenye simba. Sisi wa karibu na Tsavo, ambako mwaka 1898 simba waliwala wajenzi wa reli, wakiwemo Wahindi wengi, hatuwezi kuiita habari ya wageni.

Mchangiaji wa Dodoma: Hata hivyo, hakuwahi kukanyaga Afrika.

Mchangiaji wa Voi: Hakufika, naam, na ndiyo sababu nastaajabia alivyoujua upweke wa stesheni ya porini.

Mchangiaji wa Tanga: Anayekwenda na mgonjwa aondoke Sealdah asubuhi, wakati umati unaelekea mjini.

Mchangiaji wa Mombasa: Mimi nashauri mshuke Bangaon, mwisho wa safari, kisha mrudi nyuma kwa bajaji.

Mchangiaji wa Morogoro: Vyovyote mtakavyokwenda, mgonjwa akae na dawa zake mwenyewe, pamoja na karatasi iliyoandikwa jina la stesheni kwa Kibengali.