Wauza kapsuli za shepu na "maumbile": semeni mmeweka nini ndani ya hivyo vikopo!

Wakuu, salaam. Nina hasira, na leo nitazisema zote.

Instagram nzima sasa hivi ni vikopo. Kapsuli za kuongeza hipsi na makalio, krimu ya kusimamisha matiti, unga wa kurefusha uume, chai ya kukata kitambi ndani ya wiki moja. Lebo zote zinafanana: majani ya kijani, mwanamke mwenye kiuno chembamba, na maandishi makubwa "ASILIA 100%, HAINA MADHARA". Ukigeuza kopo nyuma huoni orodha ya viambato, huoni miligramu, huoni jina la kiwanda wala namba ya toleo. Unachokuta ni namba ya WhatsApp na lipa namba.

Binamu yangu alikonda baada ya kujifungua. Maneno ya watu yakamwingia, na matangazo yakamalizia kazi, maana yameandikwa makusudi kumtisha mwanamke wa namna yake: "Mumeo anaangalia nje? Rudisha shepu yako." Akanunua kapsuli. Mwanzoni kila mtu alimsifia. Alikula sana, alilala sana, mashavu yakajaa. Baadaye uso ukawa mviringo kabisa, tumbo likatoka, miguu ikabaki vilevile myembamba, na sukari ikapanda kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na kisukari. Alipomwandikia muuzaji akajibiwa kwamba hizo ni sumu zinatoka mwilini, aongeze dozi ya pili ya kusafisha kizazi. Alipoacha ghafla akaishiwa nguvu, akatapika, presha ikashuka mpaka tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza swali moja: unatumia dawa gani? Tukampa kopo. Halikumsaidia chochote, kwa sababu halikuandikwa kitu. Akasema dalili zile anaziona kwa watu waliotumia steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na mzio, kwa muda mrefu. Tukampigia muuzaji tumuulize ameweka nini, tukakuta ametublock.

Hapo ndipo kiini cha malalamiko yangu kilipo, na naomba msikipite haraka. Watu wengi wakilalamikia hivi vitu wanalalamikia hela: nimetumia, sijaona matokeo, nimetapeliwa. Ni kweli, huo ni wizi. Lakini kopo la kuogopa zaidi ni lile linaloleta matokeo. Hakuna mmea unaojulikana unaoweza kuchukua mafuta ya mwili na kuyapeleka kwenye makalio peke yake. Mafuta yanakaa wapi, hilo linaamuliwa na urithi wa wazazi, homoni, umri na chakula. Msuli wa makalio unajengwa kwa mazoezi na lishe. Sasa ukiona kapsuli ya "miti shamba" imekunenepesha ndani ya siku chache, ujue kuna uwezekano mkubwa unameza dawa ya kiwandani ambayo hukuambiwa.

Dawa zenyewe zinajulikana. Siproheptadini ni dawa ya mzio. Inaamsha njaa na inaleta usingizi mzito, ndiyo maana mtumiaji anakula na kulala. Kuna sharubati ya kutoka India inayoitwa Apetamin, ambayo ina siproheptadini na ilivuma Marekani na Uingereza kwa ajili hiyohiyo ya shepu. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijawahi kuiidhinisha na imewaonya watu wasiitumie. Nyingine ni deksamethazoni, steroidi kali. Hospitalini inaokoa maisha, daktari akiwa anahesabu dozi. Ukiimeza kiholela kwa muda mrefu inajaza mafuta usoni, shingoni kwa nyuma na tumboni, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa. Mbaya zaidi, tezi za juu ya figo zinaacha kutengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Ukikatisha ghafla unaweza kufa. Muuzaji wa mtandaoni anayekwambia "acha muda wowote, haina madhara" anacheza na roho yako.

Wanaume nao msijione mko salama. Unga wa "nguvu za kiume na kuongeza saizi" unauzwa stendi, baa, mpaka kwenye foleni za magari. Saizi haiongezeki kwa kidonge wala unga, iwe wa hapa au wa ng'ambo. Ukisikia mabadiliko ndani ya saa moja, shuku sildenafili, dawa ileile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra. Yenyewe ni dawa halali, ila mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti akiimeza, presha inaporomoka na anaweza kuanguka asiinuke. Mzee anayetumia dawa hizo za moyo angemwona daktari kwanza, angekatazwa. Kwa kuwa ameambiwa ni mizizi, anakoroga kwenye uji na kunywa.

Na wasije kusema nawasingizia. Mwaka 2018 jarida la JAMA Network Open lilichapisha uchambuzi wa maonyo ya FDA ya kuanzia 2007 hadi 2016. Virutubisho 776 vilikutwa na dawa zilizofichwa. Karibu nusu, asilimia 45.5, vilikuwa vya nguvu za tendo la ndoa, asilimia 40.9 vya kupunguza uzito, asilimia 11.9 vya kujenga misuli. Kwenye vile vya kupunguza uzito dawa iliyoongoza ni sibutramini, ambayo iliondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Huko ni kwenye nchi yenye maabara kila kona. Fikirieni kopo lililojazwa kwa mkono chumbani kwa mtu.

Ujanja wa matangazo nao una historia. Kampuni iliyokuwa Cincinnati, Marekani, ilitajirika kwa kuuza Enzyte, vidonge "asilia" vya maumbile ya wanaume. Kesi ilipofika mahakamani ikabainika kuwa takwimu za wateja walioridhika zilipikwa, madaktari waliotajwa kwenye matangazo hawakuwepo, na kadi za benki za wateja zilikuwa zinakatwa hela kwa mizigo ambayo hawakuagiza. Mmiliki wake, Steve Warshak, alihukumiwa mwaka 2008 kifungo cha miaka 25, ambacho baadaye kilipunguzwa hadi 10. Angalieni sasa matangazo yetu: picha ya kabla na baada ambayo ukiitafuta mtandaoni unaikuta kwenye kurasa za Brazil, skrinishoti za shukrani zenye mwandiko mmoja na makosa ya herufi yaleyale, na "daktari" aliyevaa koti jeupe asiye na jina kamili wala namba ya usajili.

Kuna ujanja mmoja unaowakamata hata wasomi. Unauliza, "mmesajiliwa?" Wanakutumia cheti. Ukikisoma vizuri ni cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara hapa Tanzania, au ni TIN, namba ya mlipakodi. BRELA inasajili jina la biashara. Haijafungua kopo, haijapima kitu. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndiyo inayosajili dawa, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, ndilo linalohusika na waganga na dawa za asili. Ombeni namba ya usajili wa DAWA yenyewe, kisha mwende kuihakiki kwenye mamlaka husika. Uchunguzi wa kemikali unafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mfanyabiashara ambaye kweli anauza mizizi mitupu ana kila sababu ya kutaka majibu ya maabara yaonekane.

Simpingi mtu wa tiba asili. Bibi yangu alinywesha wanawake waliojifungua uwatu, na mpaka leo unachemshwa nyumbani kwetu. Muhimbili kuna taasisi nzima inayochunguza mimea ya tiba. Dawa mseto ya malaria tunayomeza asili yake ni pakanga, na Tu Youyou wa China alipata Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini ile ilichujwa, ikapimwa, ikajulikana dozi na madhara, ikaandikwa kwenye karatasi ndani ya boksi. Mnaochanganya vidonge vya kiwandani vilivyosagwa na unga wa majani mnawachafulia jina waganga wa kweli, na wao ndio walipaswa kuwa wa kwanza kuwapigia kelele.

Kwa mastaa mnaoposti hivi vikopo: mnajua wazi kwamba shepu hiyo ni ya kuzaliwa, ya gym au ya upasuaji. Mnachukua hela, mnashika kopo, mnasema "hii ndiyo siri yangu". Mabinti wa miaka kumi na minane wanawaamini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na sijui kwa nini tunaitazama kama haiwahusu watu maarufu.

Ninachotaka ni hiki. Wauzaji mliomo humu, na najua mmo, wekeni hapa orodha kamili ya viambato na miligramu, namba ya usajili wa dawa na majibu ya maabara. Msinifuate inbox, jibuni hapahapa mbele ya watu.

Na aliye na kopo nyumbani: kama umetumia kwa wiki nyingi na uso umejaa, usiache ghafla. Nenda hospitali nalo, mwambie daktari ukweli bila aibu, apime na akupangie namna ya kupunguza. Kisha toa taarifa TMDA, maana bila taarifa ya madhara kopo hilo litaendelea kuuzwa. Hata kipande cha lebo kitunze. Sisi tumepeleka la binamu yangu, tunasubiri majibu, na yakitoka nitayaweka kwenye uzi huu kama yalivyo.