Wahusika wangu wote wanasimama katikati ya ukurasa

Mchoraji wa Umoja:
Habari zenu, wanajukwaa. Ninachora kitabu cha watoto chenye kurasa 32, kinachomhusu msichana anayepotezana na nyanyake katika soko la Gikomba, na mhariri amenirudishia michoro kumi na miwili kwa neno moja tu: inafanana. Nilipoitandaza sakafuni nilikubali. Kila mahali msichana yuko katikati, anaonekana kuanzia utosini hadi viatuni, utadhani amepangwa kwa picha ya harusi. Nimepekua kazi za wengine kwenye simu hadi usiku wa manane, lakini nikianza upya mkono unarudi palepale. Mnapata wapi mawazo, na mnayajaribu vipi kabla ya kupoteza rangi?

Kalamu ya Ngara:
Ndugu, weka simu kando. Nenda Gikomba na daftari, uchuchumae karibu na kibanda cha mitumba mpaka macho yako yawe sawa na ya mtoto wa miaka sita. Hutaliona soko, utaona magoti, vikapu, magurudumu ya mikokoteni, na makoti yaliyotundikwa yakiziba anga. Woga wa huyo msichana uko hapo.

Ukirudi nyumbani, kwa kila ukurasa chora visanduku kumi vidogo kama stempu, kwa penseli butu, dakika mbili kila kimoja, pasipo nyuso wala vidole, madoa ya giza na mwanga tu. Vya kwanza vitakuwa vilevile ulivyozoea, kwa hiyo usikate tamaa hadi ufike cha saba. Mtazame pia Mjapani Hiroshige, ambaye katika mandhari ya Edo, yaani Tokyo ya leo, aliyoyatoa kuanzia 1856 alipenda kuweka kitu kikubwa mbele kabisa, kikakatwa na ukingo wa picha. Katika mojawapo unakaribishwa na matako ya farasi, na mtaa wenyewe unauona nyuma ya miguu yake!

Mpanga Kurasa:
Naongeza machache kutoka upande wangu. Kurasa mbili zinazotazamana ni picha moja, ila kilicho karibu na mshono humezwa. Nimewahi kumwona sungura aliyepoteza pua namna hiyo. Tenga nafasi ya maandishi tangu kwenye visanduku, si baadaye. Tena, kwa kuwa tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, msichana anayeelekea kulia husonga pamoja na hadithi. Ukimgeuza siku anapopotea, msomaji atahisi kwamba ameshika njia isiyo yake.

Sikubaliani, hata hivyo, kwamba katikati ni kosa. Itandaze kanga uone pindo, mji na jina vinavyogawana kitambaa. Chagua ukurasa mmoja tu, ujaze watu pindoni pande zote nne, uuache mji mtupu, na huyo mtoto akae humo peke yake. Kwingineko kote mwondoe katikati, ili ukurasa huo uume.

Mchoraji wa Umoja:
Asanteni sana. Jumamosi nilichuchumaa hadi mwenye kibanda akaniuliza kama ninaumwa na tumbo. Kisanduku cha nane ndicho kilichonishika: kiatu cha nyanya kimejaza ukurasa wa kulia, na kutoka ukingo wa kushoto unaingia mkono wa msichana, ambao haujakifikia. Tatizo ni kwamba pengo kati yao limeangukia kwenye mshono. Mpanga Kurasa, nilisogeze au nilitumie hivyohivyo?

Mpanga Kurasa:
Litumie. Ila vidole viwe mbali na mshono kwa upana wa dole gumba.