MJADALA: Pesa ya pedi, tununue mashine ama tutume vocha kwa kabambe?

Mwenye mada, Kisauni
Jamani hebu tuulizane hili bila kuona haya. Kila nikikaa na vijana wa teknolojia hapa Mombasa tukizungumzia wanawake wasioweza kununua pedi naambiwa dawa ni mashine, ile unalipa kwa simu pakiti inadondoka, ziwekwe feri Likoni, Kongowea, Mwembe Tayari, ama itengenezwe programu ya simu yenye ramani. Mimi nasema hapana. Kama kuna pesa ya kaunti ama ya mfadhili iende kwa vocha ya meseji, inaingia hata kwa kabambe, ile simu ndogo ya vibonye isiyo na intaneti, mtu anatoka nayo mpaka duka la mtaani, anaonyesha namba, anachukua pedi zake anarudi nyumbani.

Mambo ya kodi tumeshayajaribu. Kenya ilitoa VAT kwa pedi 2004, ikawa ya kwanza duniani, 2011 ikatoa ushuru wa forodha, 2017 sheria ya elimu ikabadilishwa ili wasichana wa shule za umma wapewe bure. Vizuri sana. Lakini yule mama anayefulia watu nguo Nyali akirudi Mtopanga jioni hana shule ya kumpa. Dukani ananunua moja moja maana pesa ya pakiti nzima ndiyo ya unga, na anayenunua moja moja ndiye anayelipa ghali kuliko mwenye pesa zake anayebeba pakiti kubwa supamaketi. Hilo linaniuma sana. Wengine wanachana leso kuukuu, wengine wanachomoa sponji ya godoro, kisha kibarua kinampita kwa sababu ataketi vipi kwa matatu akiwa hivyo?

Fundi simu, Mwembe Tayari
Dada, heshima yako, lakini duka lenyewe unalijua. Muuzaji mwanamume, nje hapo barazani wanaume wamejaa na kahawa, binti anazunguka mpaka watu wapungue ndio aombe, tena afungiwe kwa gazeti kama kitu cha wizi. Mashine haimuulizi mtu kitu na saa sita usiku ipo. Scotland walipitisha sheria 2020 na wana mpaka programu ya kuonyesha pedi za bure ziko wapi, sisi twakosa nini?

Mwenye mada
Kaka yangu twakosa hizo pedi zenyewe! Kule Scotland mashuleni zilikuwa bure tangu 2018, sheria ikaja, programu ikaja juu ya kitu ambacho tayari kipo. Hapa ramani itaonyesha nini? Na mashine pwani hii chumvi inakula chuma, stima ikipotea imelala, halafu ikiharibika tunangoja fundi atoke Nairobi. Ila kwa hiyo aibu ya binti nakubaliana na wewe kabisa. Basi wasajiliwe wanawake, mama wa saluni, mama wa mahamri, fundi cherehani, kila mtaa awepo mmoja ambaye msichana hatamuogopa.

Mwalimu, Likoni
Na hiyo laini iko kwa jina la nani? Nyumba nyingi simu ni moja na anatembea nayo mume, meseji ikiingia wa kwanza kuisoma ni yeye. Tena orodha ya wanawake na siku zao isikae kwa kompyuta ya kampuni yoyote, tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, ifuatwe. Mimi ningependa wapitie wale CHP, wahudumu wa afya ya jamii, 2023 walipewa mikoba na simu na mitaa wanaijua nyumba kwa nyumba. CHP ndiye apokee namba kwa simu yake, amwandikie mama kwa kikaratasi.

Mwenye mada
Mwalimu hiyo nimeichukua. Kikaratasi chenye namba, bila jina, bila tarehe za mtu kuingia mwezini. Anayetaka meseji apate meseji, asiyetaka apate kikaratasi.

Dada wa Changamwe
Kwani sisi ni watoto? Nitumieni pesa nijinunulie. Na mimi sitaki pedi, nataka kikombe cha hedhi, kimoja chakaa mpaka miaka kumi, hesabu mwenyewe.

Mwenye mada
Dadangu si kwamba sikuamini. Pesa ikiingia M-Pesa na una deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, inakatwa hapo hapo, hata hujaiona. Vocha haikatwi. Kambi za Kakuma na Dadaab wakimbizi walianzishiwa Bamba Chakula kuanzia 2015, chakula kwa vocha ya simu kwenye maduka yaliyosajiliwa, hata mbolea ya ruzuku mkulima anatumiwa meseji. Kwa hivyo njia ipo. Kikombe sawa kabisa kiwe ndani ya vocha, na pedi za kufua pia, kila mtu achague. Lakini kikombe lazima kichemshwe, pedi ya kufua inataka maji na sabuni na pahali pa kuanika juani, na huku kwetu mtungi wa lita 20 tunanunua kwa mkokoteni. Kwa hivyo asilazimishwe mtu kikombe eti ndio bei nafuu kwa mfadhili.

Mwenye duka, Mishomoroni
Mimi niko tayari, ila niambieni nitalipwa lini. Nikitoa pakiti leo nikalipwa mwezi ujao stoki imeisha na nitaanza kuwafukuza hao kina mama. Wanaouzia kaunti mnajua madeni yanavyokaa.

Mwenye mada
Hapo ndipo penye kazi ndugu yangu. Mimi naona pesa iwekwe benki kabla vocha ya kwanza haijatoka, na namba ikishatumika malipo yaingie kwa till yako siku hiyo hiyo, pasiwe na karatasi ya kupeleka ofisini. Mwenye kujua sheria ya fedha za kaunti aingie hapa atuambie kama hilo lawezekana kwa pesa ya umma ama ni mpaka mfadhili.