Chanika: simu inasoma 4G lakini usiku faili halipandi. Ninunue ruta ya 5G au nisubiri faiba?

Mhariri wa Chanika
Wakuu, salaam. Nahariri video za harusi na kuwatumia wateja kwa intaneti. Mnara nauona nikiwa mlangoni, simu inasoma 4G na alama zimejaa. Alfajiri faili linapanda bila shida. Ikifika saa mbili usiku linafika nusu, linakatika, linaanza upya. Bando ninalo. Ruta za 5G nimeziona madukani, bei imechangamka. Kabla sijatoa hela, naomba kueleweshwa tatizo liko wapi.

Fundi Minara
Mkuu, alama za simu zinaonesha nguvu ya mawimbi, hazioneshi mko wangapi mnaogawana. Kila upande wa mnara una uwezo wake, na saa mbili usiku mtaa mzima umerudi nyumbani.

Kampuni hupunguza msongamano kwa kuongeza masafa (njia za mawimbi ya redio) kwenye mnara uleule, kuugawa pande nyingi zaidi, au kusimika mwingine katikati. Ndiyo maana mwaka 2022 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilinadi masafa mapya. MHz 700 yanafika mbali na kupenya kuta, ila hayabebi mzigo mwingi. MHz 3500 ya 5G yanabeba mzigo mkubwa, lakini ukuta wa tofali unayapunguza sana. Unaweza kuipata 5G barabarani ukaikosa chumbani.

Halafu mnara wenyewe unalishwa na nini? Kama data inakuja kwa dishi kutoka mnara mwingine badala ya faiba, na dishi limejaa, redio mpya zitakazofungwa mnarani hazitasaidia kitu. Foleni itahamia kwenye dishi.

Mdau wa Tabata
Swali: usiku huohuo YouTube inachezaje? Ikicheza vizuri, huenda tatizo haliko mnarani. Nakala za video zinazotazamwa sana huhifadhiwa kwenye seva zilizopo hapa nchini, hazitoki Ulaya kila mara. Faili lako huenda linavuka bahari. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika pamoja Mei 2024, hata waliokaa chini ya mnara walilia.

Mhariri wa Chanika
YouTube nayo inazunguka tu. Ikisogea saa tano ndiyo inakaa sawa.

Fundi Minara
Basi yaelekea ni mnara wenu, siyo bahari. Azima simu ya 5G, weka laini ya mtandao unaoutaka, pima saa mbili usiku ukiwa palepale utakapoweka ruta. Na upime kasi ya kupandisha! Watu wengi hutazama ya kushusha tu, wakati kazi yako wewe ni kupandisha, na mitandao ya simu huitengea sehemu ndogo.

Mvuta Faiba
Faiba nayo inagawanwa, tusidanganyane. Mfumo wa GPON, unaogawa waya mmoja wa faiba kwa nyumba nyingi, hutoa karibu Gbps (gigabiti kwa sekunde) 2.5 za kushusha na 1.25 za kupandisha kwa kundi la nyumba, mara nyingi 32 au 64. Hata hivyo kwa kazi yako ningesubiri faiba. Wateja wakiongezeka, kampuni hubadilisha mitambo ya ncha mbili ikaenda XGS-PON, mfumo mpya zaidi wa aina hiyo, Gbps 10 kwenda na kurudi, na waya uliopita kwenye nguzo unabaki uleule. Ongea na majirani muombe kwa pamoja. Kampuni huvuta haraka pale wanapoona wateja wamejikusanya.

Mhariri wa Chanika
Asanteni sana wakuu. Simu ya 5G naazima leo kwa jirani, nikipima nitaweka majibu hapa. Mvuta Faiba, maombi ya mtaa yanapelekwa ofisini au kwa wakala?

Mvuta Faiba
Ofisini, mkiwa na majina na namba za nyumba. Wakala anauza tu vifurushi.