Tupeane uzoefu: tandiko lisilomkaa farasi vizuri limekufunza nini?

Wakuu, salamu. Jambo hili nimelibeba peke yangu muda mrefu, leo nalitoa.

Nina farasi jike, rangi ya kahawia, mpole kupita kiasi. Akaanza kulaza masikio kila nikimsogelea na tandiko. Baada ya wiki chache akawa anageuza shingo kuning'ata wakati nakaza mkanda wa tumbo. Niliowauliza wote walijibu kitu kimoja: huyo ana kiburi, mwoneshe nani mkubwa. Nikawasikiliza. Nikamkemea, na siku mbili tatu nikampiga.

Siku moja namsugua kwa brashi nikaona madoa mawili ya nywele nyeupe, moja kila upande wa kile kinundu cha juu ya mabega. Hakuzaliwa nayo. Sehemu ikibanwa muda mrefu, mashina ya nywele yanaumia na zinazoota baadaye huwa nyeupe. Tandiko langu lilikuwa jembamba mbele, linambana kama koleo, na mimi namwadhibu kwa kusema linamuuma.

Naomba kila mwenye kisa chake akiweke hapa. Kilianzaje, mlijuaje, mlifanya nini?

Kiuno Kibovu
Pole sana mkuu. Mimi kilianzia kwangu, siyo kwa farasi. Karibu mwaka mzima kiuno kiliniuma kila nikishuka. Mwalimu ananipigia kelele, "Rudisha miguu nyuma!" Nairudisha, baada ya hatua kumi imeshakwenda mbele tena, nimekaa kama mtu aliye kwenye kiti cha sebuleni. Kwenye mwendo wa matiti, ule wa mbio ndogo za kurusharusha, ndiyo balaa. Nilikuwa nabaki nyuma ya farasi kila anapopiga hatua, basi nashika hatamu nisianguke, na lijamu linamvuta mdomo. Nikaamini kabisa kwamba sina kipaji.

Fundi alipokuja hakunitazama mimi hata kidogo. Aliweka tandiko juu ya mgongo mtupu, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaniambia nitazame kiti kwa ubavuni. Mbele pamenyanyuka, nyuma pamezama. Kiunzi, yaani ile fremu ngumu ya ndani ya tandiko, kilikuwa chembamba, hakikuweza kushuka mahali pake, kwa hiyo kilining'iniza juu ya mabega na kunimwaga nyuma. Kosa lile lile lililombana farasi ndilo lililokuwa linanivunja kiuno. Alibadilisha kile chuma cha mbele kikawa kipana zaidi, na wiki hiyo hiyo miguu yangu ilianza kuning'inia chini ya nyonga yenyewe. Mwalimu akauliza nimefanya mazoezi gani.

Nguo Tatu
Mimi nililainisha. Niliona anajikunja, nikaongeza nguo nene chini ya tandiko. Hakuacha, nikaongeza nyingine. Sikujua kwamba tandiko linalobana ukilijazia chini linabana zaidi. Roho inaniuma kila nikikumbuka.

Fundi Ngozi
Ndugu Nguo Tatu, usijilaumu, wengi wenu huanzia hapo. Waswahili walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunalijua tandiko kwa upande wa juu, na upande wa juu ni laini.

Nawaambia ninavyoangalia mimi. Tandiko naliweka bila nguo ya chini na bila mkanda. Naliweka mbele kidogo, halafu nalitelezesha nyuma mpaka lenyewe ligome. Karibu nusu ya matatizo ninayoitiwa huishia hapo, kwa sababu watu hulitandika juu ya bega. Farasi akinyanyua mguu wa mbele, sehemu ya juu ya mfupa wa bega hurudi nyuma. Ikikuta ncha za kiunzi zimeziba njia, atafupisha hatua, na ninyi mtasema ni mvivu.

Kisha natazama uwazi juu ya kinundu, vidole 2 au 3 vipite. Mfereji wa katikati, ule unaoachia uti wa mgongo nafasi, uwe na upana wa vidole 3 au 4 kuanzia mbele hadi nyuma, siyo mbele tu. Napitisha kiganja chini ya mito, ile iliyojazwa inayolala mgongoni, taratibu. Nikisikia pamegusa mbele, katikati mkono unapita bila kuguswa, nyuma pamegusa tena, hilo ni daraja. Uzito wote wa mpandaji unakwenda kwenye pembe nne, na pembe hizo ndizo zitakazomchubua.

Nyuma, tandiko lisipite ubavu wa mwisho. Farasi ana jozi 18 za mbavu. Papasa ule wa mwisho, ufuate kwenda juu hadi kwenye uti, weka alama ya chaki. Baada ya alama hiyo mgongo hauna mbavu za kuushikilia.

Na msiridhike mpaka mpandaji amekaa. Uwazi wa vidole 3 tandiko likiwa tupu unaweza kuisha kabisa mtu akipanda.

Kwato Nne
Swali fundi. Farasi wangu ana mgongo mfupi, mimi nina mapaja marefu. Tandiko linalonitosha mimi linapita alama yako ya chaki.

Fundi Ngozi
Dada, urefu wa farasi ndio unaoamua. Tafuta tandiko ambalo mbawa zake, zile ngozi za ubavuni chini ya paja, zimekatwa kwenda mbele zaidi, paja lako lipate nafasi bila kiti kurefuka. Isipotosha hivyo, nakwambia ukweli ingawa unauma: huyo siye farasi wa mwili wako.

Daktari wa Wanyama
Naongeza moja tu. Tandiko likiteleza kila mara upande mmoja, msikimbilie kumlaumu fundi. Utafiti wa madaktari wa farasi Line Greve na Sue Dyson ulionesha kwamba farasi anayechechemea mguu wa nyuma, hata kwa kiasi ambacho jicho la kawaida halioni, anaweza kulisukuma tandiko upande. Mguu ukitulizwa maumivu kwa sindano ya ganzi, mara nyingi tandiko linaacha kuteleza. Kwa hiyo muiteni daktari kabla ya kununua jingine.

Na jasho pia. Ukivua tandiko ukakuta pakavu katikati ya palipolowa, inaweza kuwa pamebanwa mno au hapaguswi kabisa. Bonyeza kwa vidole, umtazame masikio na macho.

Mlezi wa Wachanga
Mimi nafundisha farasi wachanga. Tandiko linaloenea mwanzoni mwa mazoezi, miezi michache baadaye halienei, maana misuli ya mgongo imejaa. Akiugua au akipumzishwa muda mrefu, misuli inanywea, tandiko lile lile linamlalia kwenye kinundu. Nachukua waya laini, naupinda ufuate umbo la mgongo nyuma kidogo ya mabega, nauchora kwenye karatasi na kuandika tarehe. Nina karatasi nyingi za farasi mmoja, na ukizipanga hutaamini ni mnyama yule yule.

Mwanzisha uzi
Nimesoma yote, asanteni. Wa kwangu nilimpumzisha miezi miwili, namtembeza kwa kamba tu. Tandiko jipya ni pana, fundi alilipima farasi akiwa amesimama na akiwa anatembea. Lakini siku ya kwanza alilaza masikio kabla halijamgusa, na ya pili, na ya kumi. Nikawa naliweka, nampa karoti, naliondoa bila kumpanda. Wiki nzima nyingine hivyo hivyo.

Juzi nilipomtandika aliendelea kutafuna majani yake. Nikakaza mkanda tundu moja moja, hakugeuka. Madoa meupe bado yapo.