MREJESHO: Keshia niliyeuliza kama niache kazi ya benki

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ndiye yule keshia wa Kampala: tawi letu limeletewa mashine ya kupokea pesa, foleni ya kaunta imepungua, lakini bado nilikuwa nafika nyumbani watoto wamelala. Nikauliza kama niache kazi kabla sijaachishwa.

Sijaacha. Dada uliyeniambia nisome Sheria ya Ajira ya 2006, Mungu akubariki. Inataja kikomo cha saa 48 za kazi kwa wiki, na muda wa ziada siku za kawaida ulipwe mara moja na nusu. Nilimwendea meneja kwa upole, na sasa tunapokezana kubaki kufunga hesabu. Kinachotuchelewesha ni kile kile: droo ikipungua hata noti moja ya elfu hamsini, hatoki mtu mpaka kila bunda lihesabiwe upya na karatasi za miamala zikaguliwe moja moja. Mashine haijatuondolea hilo. Hata zile pesa zake lazima watu wazitoe na kuzihesabu.

Hofu ya kukosa kazi bado ipo, sitawadanganya. Tangu sheria iruhusu mawakala wa benki mwaka 2016, kazi nyingi ya kaunta imehamia madukani. Ndiyo maana nikaomba kwenda kitengo cha mawakala, na nimekubaliwa. Nitakuwa nazunguka Kikuubo, eneo la maduka hapa Kampala, nikiwafundisha wenye maduka kutambua noti bandia na kupanga floti yao, yaani akiba ya pesa ya kuhudumia wateja.

Mlioulizia mshahara: haujabadilika.